Uzi maalumu: Biskuti za mbwa mwenye aleji ya chakula, kwa vitu vya sokoni Tanga

MpishiWaChumbageni

Habari za jioni wanajamvi.

Maswali ya biskuti za mbwa yamekuwa mengi humu, na majibu yake karibu yote ni ngano, mayai, siagi ya karanga na jibini. Mbwa mzima atayala hayo na kulala. Ila mbwa ambaye masikio yanamuuma kila mwezi, anayelamba nyayo mpaka manyoya meupe yanageuka rangi ya kutu, anayeburuza makalio chini na kuharisha ovyo, ukimpa hayo unamzidishia maradhi. Uzi huu ni kwa ajili ya mbwa wa namna hiyo. Madaktari wa mifugo na waokaji mliomo humu karibuni mrekebishe na kuongeza.

Kabla hujagusa unga, andika orodha. Orodhesha kila kilichopita mdomoni mwa mbwa huyo kwa mwaka mzima, hata kipande cha chapati anachotupiwa na watoto. Aleji humpata mbwa kwa kile ambacho mwili wake umeshakutana nacho, mara nyingi kile anacholishwa kila siku. Mwaka 2016 ulichapishwa uchambuzi wa mbwa 297 wenye aleji ya chakula: nyama ya ng'ombe iliwadhuru asilimia 34, maziwa na mazao yake 17, kuku 15, ngano 13, kondoo 5. Ukiitazama orodha hiyo unaona ni chakula cha kawaida tu cha mbwa wa nchi za Magharibi. Wa kwetu anakula dona, dagaa, vichwa vya samaki, utumbo na mifupa ya ng'ombe. Anza kushuku hivyo.

Sasa mapishi ya msingi, kwa mbwa ambaye tayari unajua anavumilia nini:

Unga wa mchele gramu 250 (kikombe kimoja na nusu kilichojaa). Kiazi kitamu kilichochemshwa, kikamenywa na kupondwa, gramu 150. Nyama iliyoiva ya mnyama aliye salama kwa mbwa wako, gramu 100, ikatwekatwe mpaka iwe kama nyama ya kusaga. Mafuta ya nazi kijiko kimoja cha chakula. Maji mililita 80. Basi. Chumvi, sukari, hamira na bizari vikae mbali.

Kwenye zile gramu 250 toa vijiko vitatu vya unga, koroga na yale maji yangali baridi, kisha bandika motoni mpaka upate uji mzito unaoachana na sufuria. Uji huo ndio gundi yako badala ya yai. Ukiwa bado wa moto changanya na kiazi, nyama na mafuta, halafu ongeza unga uliobaki kidogo kidogo huku ukikanda. Donge likiwa tayari utalijua kwa kidole: likibonyezwa linabaki na shimo na ukingo wake haupasuki. Ukingo ukipasuka, chovya mkono majini na ukande tena. Likinata viganjani, nyunyiza unga.

Sukuma mpaka unene wa milimita 6, kata miraba ya sentimita tatu na nusu. Utapata vipande kama 65 vya gramu 9. Oveni nyuzi 160 kwa dakika 25, vigeuze, shusha hadi nyuzi 100 kwa saa nzima, kisha zima na uviache humo humo vipoe. Kila kimoja kitabaki kama gramu 5, na kina kalori kama 20.

Nawasilisha.

BokoBoko_TA

Mkuu heshima kwako. Naomba kujua kwa siku mbwa apewe ngapi? Maana mtu anaweza kuoka 65 zikaisha siku mbili.

MpishiWaChumbageni

Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya kalori za siku. Mbwa mzima aliyehasiwa mwenye kilo 10 anahitaji kama kalori 630 kwa siku, kwa hiyo biskuti 3 zimemtosha. Wa kilo 20 anahitaji kama 1,060, mpe 5. Kadogo ka kilo 5, moja na nusu. Kama unamfundisha, vunja kila biskuti vipande sita. Mbwa anafurahia kupewa mara nyingi kuliko kupewa kikubwa. Na ukimpa biskuti, punguza chakula cha bakuli kwa kiasi hicho hicho.

Daktari_wa_Mifugo_Maramba

Mleta uzi umeanza vizuri, ila niweke mambo mawili mbele ya mapishi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoteza miezi.

Kwanza, mbwa wa pwani anayejikuna mtafute viroboto, kupe na ukurutu kabla ya kulaumu chakula. Aleji ya mate ya kiroboto inaonekana zaidi mgongoni karibu na mkia na nyuma ya mapaja. Ya chakula hupenda masikio, nyayo, kwapa, tumbo na makalio. Si kanuni ya chuma, lakini inakuelekeza. Mbwa anaweza kuwa na vyote viwili, na chakula kikibadilishwa huku viroboto vipo hutajua nini kimesaidia.

Pili, kipimo cha kuaminika ni cha bakuli. Vipimo vya damu vya aleji ya chakula havitegemewi kwa mbwa. Unamlisha nyama moja na wanga mmoja ambao hajawahi kula, kwa wiki 8, bila kitu kingine chochote. Zaidi ya tisa kati ya kumi ya mbwa wenye aleji ya chakula ngozini wanakuwa wametulia ndani ya muda huo. Kisha unamrudishia chakula cha zamani. Muwasho ukirudi, mara nyingi ndani ya wiki mbili, umethibitisha. Usiporudisha cha zamani hujathibitisha kitu, huenda ni mvua imebadilika na viroboto vimepungua tu.

Kwa hiyo katika wiki hizo 8 biskuti ya mapishi ya hapo juu haifai kama mchele haumo kwenye bakuli la majaribio. Kama bakuli ni sungura na kiazi kitamu, kitafunio nacho kiwe sungura na kiazi kitamu. Hata vidonge vya minyoo na vya kupe vyenye ladha ya nyama vinaharibu jaribio; mwulize daktari wako kama kuna aina isiyo na ladha, au vipangwe kabla na baada.

Jirani_wa_Raskazone

Daktari, kwa jaribio si samaki ndiyo rahisi? Kila mahali wanaandika mpe samaki.

Daktari_wa_Mifugo_Maramba

Wanaoandika hivyo wanawaandikia mbwa wanaokula kuku na ng'ombe. Mbwa wa Tanga amelelewa kwa dagaa na vichwa vya changu. Kwake samaki ndiye ng'ombe wa Ulaya.

Mbuzi badala ya ng'ombe nako kuna mtego: ng'ombe, mbuzi na kondoo wana protini zinazofanana, na mbwa anayemkataa mmoja anaweza kumkataa mwenzake. Vivyo hivyo kuku na ndege wengine kama bata na kanga, usiwategemee kama nyama mpya. Huku kwetu sungura ndiye mnyama ambaye mbwa wengi hawajamwonja, na wafugaji wapo. Kwa nyumba zinazotumia nguruwe, naye ni chaguo zuri kama mbwa hajamzoea, ila aive kabisa na mafuta yatolewe.

MsagajiPongwe

Naongezea upande wa unga, kwa sababu hapo ndipo aleji inaingia mlangoni bila hodi.

Ukipeleka mchele mashine ya mtaani, kinu kimetoka kusaga mahindi, mtama, pengine ngano ya mtu. Unga wa mteja aliyekutangulia umebaki kwenye chekeche, kwenye kuta za kinu na kwenye ule mfuko wa kitambaa. Mwombe msagaji apitishe kilo mbili za chenga zako mwanzoni, uzitenge hizo kwa kuku, kisha ndiyo usage unga wa mbwa. Beba mfuko wako mwenyewe. Ukienda asubuhi kabla mashine haijaanza kazi, baada ya kusafishwa, ni bora zaidi.

Njia ya nyumbani haina shaka hata kidogo: loweka mchele saa 4, chuja, utandaze kwenye kitambaa nusu saa, saga kwenye blenda kidogo kidogo, chekecha. Ni ule ule unga wa vitumbua kabla hujautia tui. Kwa kuwa una unyevu, kwenye mapishi ya mleta uzi punguza maji ya uji hadi mililita 50. Blenda iliyotoka kusaga vitunguu, fungua kisu chake, toa mpira wa chini, osha kwa maji ya moto. Harufu ikiwepo, vitunguu bado vipo.

Na tafadhali, unga wa mahindi au karanga zenye ukungu visipelekwe kwa mbwa kwa kisingizio kwamba sisi hatuli. Sumukuvu haifi kwa moto wa kuoka, na mbwa ni dhaifu sana mbele yake, ini linaharibika haraka. Kama hukuitaka sahani yako, mbwa naye asile.

Kisosora_Mkweli

Asante sana mkuu MsagajiPongwe. Na unga wa muhogo je? Huku ndio wa bei rahisi na haumo kwenye orodha ya wengi.

MpishiWaChumbageni

Unafaa, kwa masharti. Muhogo mbichi una sumu ya sianidi, na muhogo mchungu unayo nyingi zaidi. Unga unaotoka kwenye makopa yaliyolowekwa au kuvundikwa na kukaushwa vizuri ndiyo salama. Makopa yenye madoa meusi au ya kijani ni ukungu, yaache. Ukitaka uhakika, chukua muhogo mtamu, menya maganda yote mawili, katakata, chemsha mpaka upasuke, mwaga maji, ponda, tumia badala ya kiazi.

Ila usioke kwa unga wa muhogo mtupu. Ukikauka unakuwa mgumu kama kokoto na mbwa mzee atavunjika jino. Robo ya unga iwe muhogo, robo tatu mchele: hapo unapata biskuti inayoshikana na inayopasuka vizuri.

Watu wa mbaazi na dengu nao watakuja, niwajibu mapema: kwa kitafunio kidogo hakuna neno, ila gesi itakuwepo. Kuzifanya msingi wa chakula cha kila siku ni jambo jingine. Mwaka 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuchunguza uhusiano wa vyakula vya mbwa vyenye kunde nyingi na ugonjwa wa moyo kupanuka. Kitafunio kibaki kitafunio.

Mama_Mofa

Wengi hapa hatuna oveni, na sioni mtu akiwasaidia hao. Ngoja niwaeleze moto wa kupalia, maana biskuti hizi zinapenda mkaa kama mkate wa kumimina unavyoupenda.

Chukua sufuria kubwa nzito yenye mfuniko bapa wa chuma. Tandaza mchanga mkavu, uliochekechwa na kuoshwa chumvi, unene wa vidole viwili. Mchanga wa ufukweni usipooshwa unatoa harufu. Juu ya mchanga weka pete ya chuma au vifuniko vitatu vya soda, kisha trei ya bati isiyogusa ukuta wa sufuria. Makaa: theluthi moja chini, theluthi mbili juu ya mfuniko. Wanaounguza ndio wanaogeuza hesabu hiyo. Acha sufuria tupu ishike moto dakika 15.

Kupima moto bila kipimo: tia nusu kijiko cha unga mkavu kwenye kifuniko, weka ndani, funika. Ukiwa wa kahawia ndani ya dakika moja, moto ni mkali, punguza makaa ya chini. Ukikolea taratibu kwa dakika kama tano, ingiza trei yako.

Dakika 20 za kwanza usifunue. Kisha geuza vipande, rudisha mfuniko, dakika 10 nyingine. Baada ya hapo toa makaa yote ya chini, acha ya juu yajifie na jivu lake, na egesha mfuniko kwa kijiti ili mvuke utoke. Saa moja na nusu namna hiyo. Ule mvuke usipotoka, biskuti zinaiva lakini hazikauki, na siku ya tatu utakuta manyoya ya kijani.

Wa jiko la gesi tumieni sufuria hiyo hiyo na mchanga wake, moto mdogo kabisa, ila mtageuza kila dakika 10 kwa kuwa juu hakuna moto.

BokoBoko_TA

Dada Mama_Mofa umenisaidia sana. Sasa swali: donge la mchele linamomonyoka nikilisukuma. Nimefuata vipimo vyote.

Mama_Mofa

Donge la mchele halina ule mvutano wa ngano, kwa hiyo sababu zake ni chache. Uji haukuiva, ulikuwa mweupe na mwepesi. Unatakiwa uwe umebadilika, unang'aa kidogo, na mwiko unasimama. Au donge limesukumwa lingali moto: lifunike kwa kitambaa kibichi dakika 20 lipoe, wanga unashikana likipoa. Au kiazi kilikuwa cha jana kutoka friji, kimeshakuwa kikavu. Na nyama ikikatwa vipande vikubwa, kila kipande kinakuwa ufa.

Usisukume juu ya kibao cha chapati mkuu. Mbao imeshiba unga wa ngano miaka yote, hata ukiuosha. Weka donge katikati ya mifuko miwili safi ya nailoni, sukuma juu yake. Kinu cha mbao nacho hivyo hivyo, kimekunywa vitunguu saumu. Nyama ikate kwa kisu. Vyombo vya mbwa viwe vyake peke yake, trei, kisu na sufuria. Nyumba nyingi za huku zina desturi hiyo tayari kwa sababu ya twahara, basi na aleji inapata faida humo humo.

Jirani_wa_Raskazone

Kuna mtu kanishauri nichanganye kitunguu saumu kidogo kwenye biskuti, eti kupe watakimbia na ngozi itapona.

Daktari_wa_Mifugo_Maramba

Usithubutu. Vitunguu vyote, saumu, maji, majani yake na unga wake, huvunja chembe nyekundu za damu za mbwa. Hakiwaondoi kupe. Kwa mbwa wa pwani ambaye damu yake inaweza kuwa imeshaliwa na homa ya kupe, unamwongezea upungufu juu ya upungufu. Vile vibonge vya kutia ladha ya mchuzi navyo vina kitunguu na chumvi, kwa hiyo supu ya kuchemshia nyama ya mbwa iwe maji matupu.

Na kwa kuwa tunaongelea jikoni kwa mwokaji: zabibu, chokoleti, kahawa, kungumanga, donge bichi lenye hamira, vyote vikae juu ya kabati. Siagi ya karanga ya dukani isomwe lebo. Ikiwa imeandikwa xylitol au E967, hiyo ni sukari mbadala inayoshusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya muda mfupi na inaweza kumuua. Akishakula, usisubiri dalili, mpeleke.

Mvuvi_Mstaafu_DeepSea

Wakuu, kwa wale ambao mbwa wao samaki hamdhuru, nina neno moja juu ya samaki wa biskuti, maana naona linaleta aleji ya uongo.

Jodari, vibua na samaki wa jamii hiyo wenye nyama nyeusi wakikaa juani bila barafu hujaa histamini. Kupika hakuiondoi, kuoka hakuiondoi, kukaanga hakuiondoi. Anayekula anaweza kuwashwa, kuvimba na kutapika, ukasema samaki amemkataa, kumbe ni yule samaki wa saa nane mchana. Nunua alfajiri kwenye soko la samaki la Deep Sea wanaposhusha, macho yanang'aa na mashavu ya ndani mekundu, beba na barafu. Kwa biskuti chukua changu au samaki mwingine mwenye nyama nyeupe. Chemsha dakika 10, toa ngozi, kisha chambua nyama kwa vidole vyako viwili, nyuzi kwa nyuzi, juu ya sahani nyeusi au ya buluu. Mwiba mweupe kwenye sahani nyeupe hauonekani. Ule mstari wa katikati ubavuni ndio wenye miiba midogo ya kukwama, utupe wote.

Samaki ana maji kuliko nyama. Mkamue kwenye kitambaa kabla ya kumpima zile gramu 100, la sivyo donge litakuwa uji.

Dagaa wakavu wana chumvi na mchanga. Loweka saa 2, badilisha maji mara tatu, toa vichwa. Kwa mbwa mwenye figo mbovu usimpe kabisa.

Kisosora_Mkweli

Mzee wangu shikamoo. Hilo la histamini sikulijua.

Mvuvi_Mstaafu_DeepSea

Marahaba mwanangu. Ndiyo maana nimelisema.

MwokajiWaDuga

Machicha ya nazi hayajatajwa na kila nyumba ya Tanga yanamwagwa. Yanafaa kwa mbwa asiyedhurika na nazi, lakini kwa adabu. Tumia yaliyokamuliwa mara tatu, maana mafuta mengi yanaamsha kongosho la mbwa na hilo ni tatizo kubwa kuliko aleji. Yatandaze kwenye trei siku hiyo hiyo, nyuzi 100, koroga kila robo saa mpaka yasikike yakikwaruzana kama maganda ya mchele. Saga. Usizidishe moja ya tano ya unga wote, yaani gramu 50 kwenye mapishi ya hapo juu, na ongeza vijiko viwili vya maji kwa kuwa yanakunywa. Ukizidisha, kinyesi kitalegea na utadhani ni aleji imerudi. Tui lenyewe usitie.

Kwa wale walio kwenye wiki 8 za daktari, biskuti yenu ni rahisi kuliko zote na haina unga. Chemsha kiazi kitamu na ganda lake mpaka kisu kiingie kwa shida kidogo, kisiive sana. Kipoe kabisa. Menya, kata vipande vya milimita 5 kwa urefu. Oveni nyuzi 120, saa mbili mpaka mbili na nusu, geuza kila nusu saa. Kikipinda bila kuvunjika ni cha kutafuna, kula ndani ya siku tano kikiwa kwenye friji. Kikivunjika kwa mlio ni cha kuhifadhi. Kanda ya ziwa wanakausha hivi kwa jua na kuita matobolwa, ila jua letu la pwani lina unyevu, kianikwe hapa kwa siku mbili kitaota ukungu kabla hakijakauka. Tumia moto.

Sungura naye: nyama bila mfupa, ichemshwe dakika 30 kwa maji matupu, ichanwe nyuzi, ikaushwe nyuzi 120 kwa saa moja na nusu. Mifupa iliyopikwa isibaki hata mmoja, inapasuka kama vioo. Ule mchuzi uliobaki ugandishe kwenye vibati vya barafu. Nao ni zawadi siku ya joto la Januari.

Mikanjuni_Mgeni

Kuhifadhi mnafanyaje? Zangu zikikaa siku nne zinakuwa laini kama ndizi mbivu.

Mama_Mofa

Hewa ya hapa inarudisha unyevu kwenye kila kikavu mgeni wangu. Zikishapoa kabisa, na kabisa maana yake ni kugusa katikati ya biskuti iliyovunjwa na kuikuta baridi, ziingie kwenye kopo la bati au chupa ya mfuniko wa kukaza siku hiyo hiyo. Ukizifungia zikiwa na vuguvugu, mvuke wake wenyewe unaziozesha. Chini ya kopo weka kijaluba cha mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta, kwenye kitambaa kilichofungwa, unakunywa unyevu. Mbwa wa aleji ya mchele, tumia chumvi ya mawe iliyokaushwa, ifungwe isimwagike.

Zenye nyama na zilizokauka mpaka zinalia ukizivunja: siku 7 nje ya friji, si zaidi, msimu wa masika siku 4. Kwenye friji wiki mbili. Kwenye friza miezi miwili. Gawa vifungu vya wiki moja, toa kimoja kimoja. Zilizolainika bila ukungu wala harufu, zirudishe nyuzi 100 kwa dakika 30. Zenye ukungu, hata doa moja, kopo zima litupwe. Ukungu unaoonekana ni ule uliochelewa kujificha.

BokoBoko_TA

Na nikitaka kujaribu kitu kipya, tuseme boga, naanzaje?

Daktari_wa_Mifugo_Maramba

Kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa siku 14, na kila kingine kibaki kilivyo. Boga lililochemshwa, kijiko kimoja cha chakula kwa mbwa wa kilo 10, kila siku. Usiliweke kwanza kwenye biskuti yenye vitu vingine vipya, hutajua cha kulaumu.

Daftari lako liwe na safu nne: tarehe, alichokula, muwasho, na kinyesi. Muwasho uupime saa ile ile kila siku, jioni mbwa akiwa ametulia, kwa kuhesabu mara anazojikuna ndani ya dakika 10. Namba hiyo haina huruma wala matumaini, ndiyo uzuri wake. Angalia na ndani ya sikio kila siku ya tatu: rangi ya waridi hafifu ni salama, nyekundu yenye nta ya kahawia na harufu ya chachu, simamisha kile kipya.

Uso ukivimba, akitapika mfululizo au akipumua kwa shida ndani ya saa chache baada ya kula, usisubiri siku ya 14 wala asubuhi. Huyo ni wa daktari saa hiyo hiyo.

MsagajiPongwe

Bora boga lianzwe msimu ambao malori ya Lushoto yanashusha mengi soko la Mgandini. Chagua lenye kikonyo kikavu na ganda lisiloingia ukucha, litakaa wiki kadhaa likiwa zima, kwa hiyo siku zote 14 utatumia boga moja lile lile. Ukishalikata, ondoa mbegu na nyuzi za katikati, chemsha lote kwa mara moja, ponda, gandisha kwa vijiko kwenye kibati cha barafu. Kila siku toa kimoja.